Nani Kamuua? Maoni ya Msomaji juu ya Riwaya za Upelelezi na Taharuki

Katika vitivo vya lugha, riwaya ya upelelezi husomwa na wengi na kufundishwa na wachache. Hupita mkono kwa mkono hadi jalada likachakaa, lakini mwanafunzi anapochagua mada ya kazi ya kumaliza masomo huiacha, akaogopa kuambiwa kwamba amechagua mchezo. Wahakiki wa Kiswahili wana jina lake: riwaya pendwa, yaani ile inayosomwa kwa kujiburudisha, wakiitenga na riwaya dhati inayobeba mawazo mazito. Katika miezi hii nimesoma tano, tatu za Kiswahili na mbili za Wakongo wanaoandika kwa Kifaransa. Nitaeleza jinsi zinavyofanya kazi, nitasema ipi ilinipendeza na ipi ilinichosha, kisha nitajaribu kuonyesha kwa nini kapu hilo la "pendwa" ni dogo mno kwao.

Tuanze na istilahi, kwa sababu fumbo na taharuki huchanganywa sana. Hadithi ya fumbo inaanzia mwisho: mtu amekwisha kufa, nasi tunarudi nyuma kutafuta nani, vipi na kwa nini. Wengi huhesabu kwamba umbo hili lilizaliwa mwaka 1841, Mmarekani Edgar Allan Poe alipochapisha hadithi ya mauaji yaliyotokea katika chumba kilichofungwa mjini Paris. Hadithi ya taharuki inatazama mbele: jambo baya bado halijatokea, nasi tunahofu litatokea. Mtengenezaji wa filamu Alfred Hitchcock alilieleza kwa mfano mwepesi. Watu wamekaa mezani wanazungumza, ghafla bomu linalipuka: huo ni mshtuko wa sekunde chache. Lakini mtazamaji akiwa amekwisha kuliona bomu chini ya meza, nao wasijue, mazungumzo yaleyale ya kawaida yanakuwa mateso ya robo saa. Kwa hiyo katika fumbo mwandishi anatuficha jambo, na katika taharuki anatuambia mapema kuliko wahusika wake.

Riwaya ya kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918. Kisa chake kilishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mahali ambapo watu huenda kutoa sadaka na kuomba. Msomaji wa Kivu ataona jambo dogo la lugha hapo. Kwetu, anayesikia neno mzimu hufikiria roho ya marehemu, kama muzimu ya Kimashi au umuzimu ya Kinyarwanda. Huku Unguja mzimu ni mahali penyewe: pango, mti au magofu. Asiyelijua hilo atasoma kurasa za kwanza akifikiri kwamba kichwa cha kitabu kimekwisha kumtaja muuaji.

Na huo ndio mtego wa kitabu. Watu wako tayari kuamini kwamba mizimu imelipa kisasi. Anayekataa ni Bwana Msa, mtu wa kiko na maneno machache, ambaye anaonyesha wazi kwamba Abdulla alimsoma Conan Doyle. Bwana Msa hawatukani wanaoamini, na hilo lilinipendeza kuliko yote. Anakusanya tu mambo madogo na kuuliza lipi linatoshana na lipi. Udhaifu nao upo: mwishoni mpelelezi anaeleza kwa maneno marefu, na mwenye haraka atachoka. Lakini Kiswahili chake ni chakula. Ukitaka kujua methali inavyoingizwa katika mazungumzo bila kupigiwa tarumbeta, soma hapa.

Ya pili ni Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965. Umbali kati ya vitabu hivi viwili ni miaka mitano tu, lakini ni kama tumehama nchi. Hapa kuna mji, simu, magari na polisi, na mpelelezi ni Inspekta Wingo, mtu anayelipwa mshahara na serikali. Sentensi ni fupi na Kiswahili ni chepesi. Kwa mwanafunzi ambaye Kiswahili cha nyumbani kwake ni kile cha Lubumbashi au Bukavu, na ambaye anasumbuliwa na Kiswahili cha vitabu, hiki ndicho ningempa kwanza. Nilikimaliza haraka na nilikifurahia, ingawa wahusika wake sikukaa nao baada ya kukifunga.

Ya tatu inatugusa moja kwa moja: Kikosi cha Kisasi ya Aristablus Elvis Musiba. Shujaa wake ni Willy Gamba, jasusi wa Kitanzania ambaye wasomaji walikutana naye kwanza katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na safari hii kazi inampeleka Kinshasa. Nyuma ya kisa ni mapambano ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, na adui ni wale wanaotaka kuyazima. Kama taharuki, kinatimiza kazi yake. Kila sura inaishia mlangoni, na mkono uko kwenye kitasa. Kama picha ya mji wetu mkuu, ni mji wa hoteli, uwanja wa ndege na vilabu vya usiku, yaani mji wa mgeni. Wanawake wengi wamewekwa pale wawe chambo au zawadi, na Gamba hashindwi kamwe. Taharuki inahitaji mtu anayeweza kuanguka. Shujaa asiyeanguka hutuacha tukingoja tu aibuke. Hata hivyo ni jambo la kukumbuka kwamba watu wa kawaida wa Dar es Salaam walikuwa wakisoma siasa za bara zima ndani ya kitabu cha mfukoni.

Mbili za Kifaransa zinageuza mambo. Achille Ngoye, mwandishi wa habari wa Kikongo aliyehamia Ufaransa, aliingia mwaka 1996 katika Série noire, mfululizo maarufu wa riwaya za uhalifu wa nyumba ya Gallimard, na hutajwa kuwa wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Nilisoma Sorcellerie à bout portant ya mwaka 1998. Kizito anatoka Ufaransa kuja Kinshasa kwa sababu ya kifo cha ndugu yake, na anataka kujua kilichomuua. Anakuta mji ambamo kila mtu ana maelezo, na uchawi ni mojawapo. Lugha yake ni Kifaransa cha mitaani kilichojaa vionjo vya Kinshasa, na wakati mwingine vionjo vinazidi mchuzi. Lakini ni kitabu pekee kati ya vitano ambacho kinajua askari asiyelipwa anaongea vipi.

In Koli Jean Bofane, katika La Belle de Casa ya mwaka 2018, anatuweka Casablanca. Mwanamke kijana, Ichrak, anakutwa ameuawa kichochoroni, na rafiki yake Sese ni kijana wa Kikongo aliyekwama Moroko akiwa na ndoto ya Ulaya. Swali la nani kamuua linaulizwa, kisha linazungukwa na maswali mengine: nani anamiliki nyumba, nani anafukuzwa, nani anatamaniwa. Msomaji anayetaka fumbo safi atanung'unika. Mimi nilikiweka juu ya vyote kwa upande wa wahusika, na chini kwa upande wa ufundi wa fumbo.

Hapa nataka kusimama kidogo kwenye lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Kiswahili kina zawadi ambazo mwandishi wa mafumbo Mfaransa angezitamani. Fikirieni sentensi hii: "Aliingia, akafunga mlango, akavua viatu." Ni mwanamume au mwanamke? Kiambishi a- hakisemi. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kumtembeza muuaji kurasa mia bila kutoa siri hiyo, wala msomaji asihisi kwamba anafichwa. Mfasiri wa Kifaransa lazima achague il au elle, au akimbilie kivuli na umbo.

Pili, vitenzi vyetu vinabeba ushahidi. "Mlango umefungwa" na "mlango umefungika" havielezi tukio moja: cha kwanza kina mkono wa mtu nyuma yake, cha pili hakimtaji yeyote. "Amekufa" na "ameuawa" ni mipaka kati ya msiba na kesi. Katika riwaya ya upelelezi, hatua ya mpelelezi mara nyingi ni hiyo tu: kuhamisha kitenzi kutoka kufa hadi kuuawa, kisha kumtafuta mtenda aliyeachwa nje ya sentensi. Tatu, kuna -ka-. "Akasimama, akasikiliza, akashusha taa" inakwenda kwa pumzi moja, kila tendo likisukuma jingine. Walimu wetu wa sintaksia wanaweza kupata mifano mizuri katika Musiba kuliko katika sentensi zile za Juma na Asha.

Sasa nirudi kwenye uzito niliouahidi. Riwaya ya upelelezi inasimama juu ya ahadi moja: kila kifo kinastahili jibu, na jibu hilo lipatikane kwa ushahidi. Katika nchi iliyotulia ahadi hii inaweza kuonekana ya kawaida. Kwetu si ya kawaida. Mashariki mwa Kongo watu wamezikwa wengi mno bila mtu kuulizwa neno. Na upande mwingine, vijijini na mitaani, kuna vifo ambavyo jibu lake hupatikana haraka kupita kiasi: mama mzee ananyooshewa kidole kuwa mchawi, kundi linakusanyika, na kabla ya jua kutua kuna maiti ya pili. Kutouliza kabisa na kujibu kabla ya kuuliza ni ndugu wawili. Bwana Msa, aliyeketi na kiko chake mbele ya mzimu, anapinga wote wawili. Anasema tungojee, tutazame viatu, tuulize nani alikuwa wapi.

Sidai kwamba kitabu kitamwokoa mama huyo. Nadai kitu kidogo zaidi: kwamba msomaji aliyezoea kushuku jibu la kwanza, kwa sababu mara kumi amedanganywa nalo katika sura ya tatu, ana mazoezi ambayo aliyekariri ufafanuzi wa "fani na maudhui" huenda hana. Kama jambo hilo si zito, basi sijui tunatumia neno dhati kwa maana gani.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni huu. Anza na Katalambulla kwa ajili ya wepesi, kisha Abdulla kwa ajili ya lugha na hoja. Musiba umsome kwa mbio, Ngoye umsome polepole, na Bofane umsome baada ya kukubali kwamba mauaji ni mlango tu. Halafu kuna zoezi ambalo darasa lolote la fasihi linaweza kulifanya bila gharama: someni Mzimu wa Watu wa Kale hadi robo tatu, fungeni kitabu, na kila mmoja aandike katika ukurasa mmoja nani muuaji na kwa ushahidi gani. Atakayeandika jina bila ushahidi apewe sifuri, hata kama jina ni sahihi.