Mji Uliofunua Mto Wake

Tumezoea kuzungumza juu ya mito ya vijijini: kingo zinazobomoka, chemchemi zinazokauka. Safari hii twende mbali kidogo, mpaka Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini. Watu wa huko walifunika mto wao kwa simiti, na baadaye wakaufunua.

Mto wenyewe ni mdogo. Unaitwa Cheonggyecheon, na unapita katikati ya mji huo wa zamani uliofanywa makao ya wafalme mwaka 1394. Ulikuwa ukijaa matope na kufurika. Mwaka 1760 Mfalme Yeongjo aliita watu wapatao laki mbili, wakazoa matope kwa siku 57. Hiyo ndiyo harambee! Lakini baada ya vita vya 1950 hadi 1953 maskini wengi walijenga vibanda kando yake, na maji yakawa uchafu mtupu. Kuanzia 1958 mto ulifunikwa, halafu juu yake ikajengwa barabara ya magari iliyosimama kwa nguzo. Tatizo likawa halionekani tena, basi.

Kumbe lipo. Simiti na lami hazinywi maji. Mvua ikinyesha, maji yote hukimbia kwa pamoja, na yakikosa njia huingia majumbani. Tena simiti hushika joto la mchana na kulitoa usiku, ndiyo maana mjini hakupoi kama shambani. Sasa hali ya hewa inavyobadilika, joto linazidi na mvua kubwa za ghafla zinaongezeka.

Mwaka 2003 walianza kubomoa ile barabara. Oktoba 2005 mto ukafunguliwa, urefu wa kilomita 5.8, umetengenezwa kupitisha hata mafuriko makubwa yanayokadiriwa kutokea mara moja katika miaka 200. Wapimaji walikuta hewa ya hapo imepoa kwa nyuzi 3.3 hadi 5.9 kuliko barabara ya jirani. Samaki na ndege wakarudi.

Lakini je, ni mto kweli? Sisi tuna wasiwasi kidogo. Maji mengi husukumwa kwa pampu kutoka Mto Han, kila siku, na pampu hula pesa. Mto unaolishwa na vyanzo vyake haudai umeme.

Halafu kuna wachuuzi waliokuwa wakiuza vitu hapo. Walipinga, na wengi wakahamishiwa uwanja wa michezo wa Dongdaemun. Baada ya miaka michache uwanja nao ukabomolewa, wakahamishwa tena. Hawa huwaoni katika picha nzuri za mto. Kwetu pia, baada ya mafuriko ya 2024, nyumba za kando ya Mto Mathare jijini Nairobi zilibomolewa, na wengi hawakuwa na pa kwenda.

Kwa hiyo kikundi chenye bustani au kibanda kando ya mto kiulize mapema, katika baraza la chifu, mpaka wa mto umepimwa wapi, na watakaohamishwa watapewa nini, tena lini. Majibu yaandikwe kwenye kitabu cha mikutano.