Kurekodi kwa Hedseti ya Gemu: Namna ya Kupunguza Kelele



Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Kang'ata, katekista aliniomba nirekodi mafundisho mafupi kwa ajili ya wazee wa kigango wasioweza tena kutembea hadi kanisani. Tungeyatuma kwa WhatsApp, wajukuu wawafungulie kwenye simu. Kifaa nilichokuwa nacho ni hedseti ya gemu niliyoachiwa na kaka yangu, yenye kijiti cha maikrofoni mbele ya mdomo. Nilirekodi dakika kumi, nikatuma, nikaridhika. Kesho yake nikaenda kumwamkia bibi mmoja. Baada ya marahaba akasema, "Mjukuu wangu, nimesikia jogoo, nimesikia mashine ya kusaga. Wewe sijakusikia."

Kiswahili hutofautisha kusikia na kusikiliza. Mtu akikaa sokoni humsikiliza anayezungumza naye na kuacha mengine yapite. Maikrofoni husikia tu. Hupokea kila kinachoifikia. Kwa hiyo kazi ya kuchagua ni yetu, na inafaa ifanyike kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta. Ikishachanganyika na kelele, kuitenganisha ni kama kuchambua mchanga ndani ya unga.

Kwanza, hakikisha maikrofoni inayofanya kazi ni ipi. Anza kurekodi, kisha kwaruza taratibu kijiti cha hedseti kwa ukucha. Mkwaruzo usiposikika kwa nguvu, kompyuta inatumia maikrofoni yake yenyewe iliyo karibu na skrini. Hilo ndilo lililonipata mimi. Hedseti nyingi zina pini moja yenye sehemu nne, inayobeba sauti ya kusikia na ya kusema pamoja. Kompyuta yangu ina matundu mawili, moja la kila kazi. Nilihitaji waya mdogo wa kugawa. Ukishaunganisha, ingia kwenye mipangilio ya sauti uichague maikrofoni ya hedseti.

Pili, umbali. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili, sauti hushuka kama desibeli 6. Ukisogeza maikrofoni kutoka sentimita 8 hadi 2, sauti yako inapanda kama desibeli 12, lakini jogoo aliye mita 20 nje hapandi hata kidogo. Hakuna programu inayokupa faida hiyo bila gharama. Weka maikrofoni pembeni ya mdomo, upana wa vidole viwili, isiwe mbele kabisa. Pumzi ya herufi "p" na "b" huipiga kama upepo. Kifuniko cha sponji kisitupwe.

Tatu, chumba. Kuta tupu na bati hurudisha sauti, nayo ikasikika kama inatoka ndani ya pipa. Godoro lililosimamishwa ukutani, blanketi na nguo zilizotundikwa hupunguza mwangwi huo. Ila tusidanganyike: blanketi halizuii kelele ya nje. Dawa yake ni kufunga dirisha, kuzima feni na kuchagua saa. Mashine ya kusaga ina saa ya kufungwa. Mvua juu ya bati tuisubiri iishe.

Nne, usikimbilie kuongeza sauti ya maikrofoni kwenye kompyuta. Ukiiongeza, unakuza vyote pamoja, hata mvumo wa kifaa chenyewe. Sogea karibu, kisha ipunguze mpaka maneno yako ya nguvu yafike kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo cha kurekodia. Yakigusa 0, yatakatika na kukwaruza, wala hayatengenezeki tena.

Tano, umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na unaweza kuingia kwenye waya kama mngurumo mzito usiokoma. Chomoa chaja, urekodi kwa betri. Mngurumo ukipotea, umemjua mhalifu.

Mwisho kabisa ndipo programu. Audacity hupatikana bure. Kaa kimya sekunde tano mwanzoni mwa kurekodi, kisha iambie programu kuwa kimya hicho ndicho sampuli ya kelele. Itaiondoa katika kazi nzima. Inafaa kwa kelele ya namna moja, kama feni au mvumo. Jogoo na pikipiki haiwawezi, kwa sababu hawamo kwenye sampuli. Ukipunguza kupita kiasi, inakula na sauti yako, ukasikika kama mtu anayesema ndani ya maji. Wanaofundisha kwa Zoom wana kichujio kinachofanya kazi hapohapo, lakini wanakwaya waangalie: kichujio kikali huweza kudhani wimbo ni kelele na kuukatakata.

Nilirudia usiku, mashine imefungwa, chaja imechomolewa, godoro ukutani, maikrofoni kando ya mdomo. Programu niliigusa kidogo tu. Asubuhi nikapita tena kwa bibi.

"Shikamoo bibi. Leo je?"

"Marahaba. Leo nimekusikia vizuri, baba," akasema. "Sasa punguza mwendo. Unasoma mbio mno."