Kompyuta za mitumba nchini Tanzania

Kompyuta za mitumba ni kompyuta zilizokwisha kutumika mahali pengine, mara nyingi katika ofisi za nchi tajiri, kisha zikauzwa tena. Nchini Tanzania hutumika majumbani, shuleni na katika steshenari. Wanunuzi wengi huzichagua kwa kufuata chapa, yaani jina la kampuni au la aina ya mashine. Hata hivyo, umri wa mashine inayodumishwa hutegemea zaidi vipuri, fundi na programu kuliko jina.

Historia

Serikali ya Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza, aina ya ICT 1500, katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilifuatiwa na mashine za ICL 1900 kutoka Uingereza. Kazi ya kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta ilileta hasara, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba hivi. Masharti yalilegezwa polepole baada ya kompyuta ndogo kuenea duniani katika miaka ya 1980.

Soko la mitumba lilikua baadaye. Kampuni kubwa za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta za wafanyakazi wao kila baada ya miaka michache, na zile za zamani huuzwa kwa jumla. Dubai ni kituo kimoja muhimu cha biashara hiyo.

Umbali na vipuri: mfano wa Tabora

Tabora iko takriban kilomita 840 kutoka Dar es Salaam kwa reli. Katika karne ya 19 eneo hili, lililoitwa Unyanyembe, lilikuwa njiapanda ya misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapo, moja ikielekea Ujiji na nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita karibu na njia hiyo ya zamani.

Bidhaa za viwandani bado hutoka pwani kwenda bara. Kipuri kisichopatikana mjini huagizwa, na mwenye kompyuta husubiri. Ndiyo sababu chapa iliyozoeleka ina faida: fundi anaijua, na kompyuta mbovu ya aina hiyohiyo inaweza kutolewa kioo au kibodi.

Chapa na mazoea

Mazoea ya kuamini jina la bidhaa si mapya katika njia hii. Misafara ilibeba merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani na kutumika kama fedha huko bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861-1865) vilipopunguza pamba, vitambaa vya Uingereza na Uhindi vilichukua nafasi. Jina merikani lilibaki hata kwa kitambaa kisichotoka Marekani.

Kwa kompyuta pia jina linaweza kubaki huku mtengenezaji akibadilika. ThinkPad ilianzishwa na IBM mwaka 1992, lakini tangu mwaka 2005 ni mali ya Lenovo ya China. Aidha, chapa tofauti hushiriki vitu vingi vya ndani. Prosesa za kompyuta za Dell, HP na Lenovo kwa kawaida hutoka Intel au AMD, na diski na RAM mara nyingi hufuata vipimo vya pamoja. Vinavyotofautiana zaidi ni betri, chaja, kibodi na umbo la ubao mkuu.

Kurefusha maisha ya mashine

Badiliko linaloonekana haraka zaidi ni kuondoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD. Diski ya zamani husoma data kwa mkono unaosogea juu ya sahani, wakati SSD haina sehemu inayosogea. Kuongeza RAM kutoka GB 4 hadi 8 husaidia programu kadhaa kufanya kazi pamoja. Kusafisha feni hupunguza joto, hasa mahali penye vumbi la kiangazi.

Mipaka

Mashine nzima inaweza kuachwa nyuma na programu. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazimo katika orodha yake. Njia mojawapo ni kuweka Linux, ambayo ina matoleo mepesi yanayopokea masahihisho ya usalama bila malipo. Programu za ofisi zisizolipiwa zipo pia. Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili, lilitolewa mwaka 2004 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Suala hili ni zito zaidi katika steshenari. Humo mashine moja hutumiwa na watu wengi kuomba ajira serikalini au mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Namba za vitambulisho, vyeti na nywila zao hupita katika kompyuta hiyo. Ikiwa mfumo wake haupokei tena masahihisho, hatari huwapata wateja ambao hawakuichagua mashine hiyo wala hawajui umri wake.