Kuku na sukuma wiki kwa ploti moja? Wapangie zamu

Umepanga nyumba Lurambe au Amalemba, na nyuma kuna kipande cha ardhi hatua kumi kwa kumi. Umepanda sukuma wiki, managu na mrenda. Una kuku watano wa kienyeji. Mpango ulikuwa poa: mboga ziuzwe kwa majirani, mayai yalipie bando. Halafu asubuhi moja unaamka na kupata majani ya sukuma yana matundu kama chandarua kikuukuu, na nusu ya miche ya managu imefukuliwa.

Matundu ni ya viwavi. Kufukua ni kwa kuku wako.

Wengi wetu hapo hukimbilia agroveti. Unauziwa kichupa, unapiga dawa jioni, na kesho yake kuku wanaingia kudonoa viwavi waliokufa. Yai utakalouza keshokutwa linatoka kwa kuku huyo huyo, na mnunuzi ni mama jirani anayemkaangia mtoto wake kabla ya shule. Chapaa utapata, lakini je, wewe ungelila yai hilo?

Mjue mdudu kwanza

Ukigusa jani la sukuma kisha kiwavi mdogo wa kijani ajirushe na kuning'inia kwa uzi, huyo ni mtoto wa nondo anayewasumbua wakulima wa kabichi na sukuma duniani kote. Mwaka wa 1953, kisiwani Java, Indonesia, aliripotiwa kuwa amezoea DDT, akawa mdudu wa kwanza wa mazao kuripotiwa hivyo. Tangu hapo amezoea dawa nyingine nyingi. Kila ukipiga dawa ile ile, wachache wanaopona ndio wanaozaa.

Sota ni yule mnene anayekata mche usiku karibu na udongo, kisha mchana anajificha mchangani. Vidukari nao hujazana chini ya jani wakifyonza utomvu mpaka jani linajikunja.

Kuku atakusaidia kwa sota, panzi, mchwa na viwavi walioanguka. Kwa vidukari usimtegemee. Ni wadogo mno, na akiwafikia atakula jani pia. Kuku hajui hii ni mboga na ile ni magugu, kwake yote ni chakula.

Zamu zenyewe

Zamu ya kwanza ni kabla ya kupanda. Ukishamaliza kuvuna, tifua udongo juu juu, uwaachie kuku shamba kwa wiki mbili hivi. Watachakura sota na mabuu waliojificha. Kwa msimu wa mvua ndefu inayoanza Machi, fanya hivyo Januari, kisha changanya kinyesi na udongo na uiache ardhi ipumzike wiki chache. Kinyesi kibichi huunguza miche na kinaweza kubeba viini vya magonjwa.

Zamu ya pili, miche ikiwa michanga, kuku wakae nje. Zungushia waya, au matete kama pesa ni kidogo, na uwakate manyoya ya bawa moja wasiruke. Waache wazunguke nje ya ua. Panzi anayetoka kwenye nyasi kuja kwa mboga zako atakutana nao kwanza.

Zamu ya tatu ni sukuma ikisharefuka na majani ya chini umeshayachuma. Hapo waingize nusu saa tu, jioni kabla hawajarudi kulala. Giza likianza wataondoka wenyewe, hutahangaika kuwafukuza. Managu na mrenda hazifai kwa zamu hii, na dania ya kachumbari usiwaruhusu hata kuikaribia. Mboga nyingine, osha kwa maji mengi na uzipike.

Katikati ya zamu hizo, tumia mkono. Kila asubuhi geuza majani, okota viwavi kwenye mkebe, wapelekee kuku. Ni dakika kumi, muda ambao ungekuwa unaskrol simu.

Vidukari je?

Changanya vijiko viwili vidogo vya sabuni ya maji kwa lita moja ya maji. Jaribu kwa jani moja, subiri siku moja, kisha nyunyizia upande wa chini wa majani. Fanya mapema kabla jua halijawa kali. Unajua Kakamega mvua hupenda kushuka alasiri, na ikinyesha vizuri huwaangusha vidukari wengi bure. Jivu la kuni pia husaidia. Msimu ukifuata, usirudishe sukuma mahali pale pale, panda kunde.

Viwavi wakizidi, uliza agroveti dawa ya bakteria inayoitwa Bt. Huua viwavi wakila jani, na haidhuru kuku.

Na kama ni lazima upige kemikali, soma lebo. Tafuta namba ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu nchini. Angalia siku za kusubiri kabla ya kuchuma, na ufungie kuku siku zote hizo. Dawa ya mboga usiipake kuku kuua viroboto. Mbegu zilizopakwa dawa, zile zenye rangi, zifunike vizuri ardhini kwa sababu kuku hudonoa chochote kinachong'aa.

Ukikwama, Chuo cha Kilimo cha Bukura kiko papa hapa katika kaunti, na KALRO wana kituo cha utafiti Kakamega kinachoshughulika na kuku.

Huku kwetu ingokho ndiyo heshima ya mgeni, na imondo huwekewa mwenye nyumba. Siku shemeji atakapokuja, utamwekea ugali, kuku na mrenda vya ploti yako. Hakikisha unajua kila kitu ambacho kuku huyo alikula. Leo jioni, kabla hujaenda agroveti, geuza kwanza jani moja la sukuma uone ni nani anayekula.