Fizi Zitokazo Damu na Sukari Isiyoshuka

Wakati wa udhu wa Alfajiri mtu husukutua, akatema, akaona wekundu katika maji. Wengi wetu hupuuza tukidai ni uzee. Kwa mwenye kisukari, wekundu ule ni habari ya mwili mzima.

Ukoga usiposafishwa hugandamana penye ukingo wa ufizi, ukawa mgumu kama chokaa na makazi ya bakteria. Sukari inapozidi katika damu, mwili hudhoofika katika kupambana nao. Uvimbe wa fizi nao huizuia insulini isifanye kazi sawasawa, sukari ikazidi kupanda. Basi mzee aweza kumeza dawa kwa wakati, akaacha hata chai tamu, na vipimo visishuke vya kutosha. Na nadra kliniki ya kisukari kumwambia afunue kinywa.

Sunna ya mswaki tunayo, alhamdulillahi, na manufaa yake hayana shaka. Lakini mswaki wa haraka mlangoni mwa msikiti, unaopita meno ya mbele tu, hauyafikii magego. Usiku kabla ya kulala, hasa baada ya tende na kaimati za futari, tutumie pia dawa ya meno yenye floraidi. (Wafuasi wa Imamu Shafi wanaouchelea mswaki baada ya adhuhuri wakiwa na saumu, usiku kucha ni wao.)

Mwenye wazazi wagonjwa wa kisukari awapeleke wakakwanguliwe ukoga huo, na daktari wa meno aelezwe mapema habari ya sukari, kabla jino halijang'olewa.