Barafu Katika Neli ya Pitot: Somo kwa Muundaji wa Ndege Ndogo

1.0 Utangulizi

Kasongo ni mji wenye nafasi yake katika historia ya Kiswahili. Katika karne ya 19 ulikuwa makao ya wafanyabiashara waliotoka pwani, akiwemo Tippu Tip. Mji ulipotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893, utawala ulibadilika lakini lugha haikuondoka. Lugha hiyo ilifika Maniema kwa miguu ya wapagazi. Siku hizi msafiri wa Kasongo mwenye haraka hutazama angani, kwa kuwa barabara za kusini mwa Maniema hupitika kwa shida, hasa wakati wa mvua.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja la elimu ya urukaji: namna ya kuzuia barafu isizibe kipimamwendo cha ndege ndogo, hususan ile inayoundwa na mtu binafsi nje ya kiwanda. Tunalijadili katika taarifa ya Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, ni jambo la uhai. Pili, maelezo yake kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na fundi asiyezimudu lugha hizo hubaki akitegemea kusimuliwa.

2.0 Chombo na kazi yake

Mwaka 1732 mhandisi Mfaransa Henri Pitot alibuni neli ya kupimia mwendo wa maji ya mto Seine. Ndege hutumia kanuni iyo hiyo. Neli nyembamba huwekwa chini ya bawa, mdomo wake ukielekea mbele, na upepo wa safari huingia humo na kukandamizwa. Pembeni mwa kiwiliwili cha ndege huwapo matundu mengine yasiyokabili upepo. Haya tutayaita matundu tuli, kwa kufuata mfano wa istilahi ya "umeme tuli". Kipimamwendo hulinganisha kanieneo ya neli na kanieneo tuli, na tofauti yake ndiyo inayosomwa kama mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, tofauti hiyo huzidi mara nne.

Kwa hiyo rubani hauoni mwendo wenyewe, bali huletewa habari zake kupitia tundu dogo.

3.0 Namna chombo kinavyodanganya

Tundu hilo likizibwa, chombo hakisemi kwamba kimezibwa. Mdomo wa neli ukiziba huku kitundu cha kutolea maji kikiwa wazi, mshale hushuka hadi sifuri. Vyote viwili vikiziba, kanieneo ya zamani hufungiwa ndani. Ndege inapopanda, kanieneo tuli hupungua, na mshale huonyesha mwendo unaoongezeka hata kama ndege inapunguza mwendo. Huu ndio uongo wa hatari zaidi, maana unafanana na ukweli.

Tarehe 1 Desemba 1974, ndege aina ya Boeing 727 ya shirika la Northwest iliondoka New York bila swichi ya kupasha moto neli kuwashwa. Barafu iliziba neli. Marubani waliona mwendo unapanda kupita kiasi, wakainua pua ya ndege ili kuupunguza. Kumbe mwendo ulikuwa umekwisha. Mabawa yalipoteza uwezo wa kuibeba ndege, ikaanguka, na watu wote watatu waliokuwamo wakafa.

4.0 Je, barafu yatuhusu?

Msomaji aliyezoea jua la Kasongo ana haki ya kuuliza swali hili. Jibu ni kwamba, kwa mrukaji, barafu ni suala la kimo zaidi kuliko suala la nchi. Kilimanjaro na Rwenzori zina barafu ilhali ziko karibu na ikweta. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Uwanjani kukiwa na nyuzi 28, kiwango cha kuganda kitakuwa yapata mita 4,300 juu ya uwanja.

Ndege nyingi za kuundwa nyumbani huruka chini ya kimo hicho. Lakini anayetoka Maniema kwenda Bukavu hukabili milima ya Kivu, ambako Kahuzi una mita 3,308, na mawingu ya radhi na ngurumo humshawishi kupanda zaidi. Ndani ya mawingu hayo huwamo matone ya maji yaliyopoa chini ya sifuri bila kuganda, na matone hayo huganda mara yanapogusa chuma. Juu zaidi huwamo chembe za barafu. Tarehe 1 Juni 2009, kaskazini kidogo ya ikweta, chembe hizo ndizo zilizoziba neli za ndege ya Air France iliyokuwa safarini kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ingawa neli zake zilikuwa na moto. Kizuizi kilidumu chini ya dakika moja, lakini marubani walichanganyikiwa, na watu 228 wakapoteza maisha.

5.0 Kinga

Kinga ya kwanza ni kutoingia mawinguni pale joto la nje linapokaribia sifuri. Kipimajoto cha nje ni cha lazima.

Ya pili ni neli yenye waya wa moto ndani yake. Waya huo hula umeme mwingi, huenda ampea 10 katika mfumo wa volti 12, hivyo muundaji ahakikishe jenereta inaumudu. Aweke pia taa inayoonyesha kuwa umeme unapita kweli, kwani swichi iliyowashwa si hakikisho. Moto huwashwa kabla ya kuingia kwenye unyevu. Chini uwanjani ujaribiwe kwa muda mfupi tu, na neli isishikwe kwa mkono mtupu.

Ya tatu ni kuondoa maji. Mipira iwekwe kwa mteremko, na kitundu cha kutolea maji kisafishwe, kwani maji ya mvua yaliyobaki ndani huganda ndege inapopanda. Mtu asipulize neli kwa mdomo kabla ya kukitenga kipimamwendo, asije akakiharibu.

Ya nne, ambayo kwa Kasongo huenda ikawa ya kwanza, ni kifuniko chenye utepe mwekundu. Nyigu ajengaye kwa udongo huweza kuziba neli bila baridi yoyote. Tarehe 6 Februari 1996 Boeing 757 ilianguka karibu na Puerto Plata, watu 189 wakafa. Wachunguzi walidhani kiota cha wadudu ndicho kilichoziba neli, iliyokuwa imekaa siku kadhaa bila kifuniko.

Mwisho ni elimu ya rubani mwenyewe. Mshale ukitiliwa shaka, aitunze pua ya ndege katika usawa anaoujua na nguvu ya injini katika kiwango anachokijua. Ndege itaendelea kuruka.

6.0 Hitimisho

Neno "rubani" lilikuwa la chombo cha baharini kabla ya kupanda angani, na "usukani" vilevile. Lugha iliyokwisha kuhamisha maneno hayo haishindwi na neli ya Pitot wala kanieneo tuli. Istilahi tunazo, au twaweza kuziunda. Kilichobaki ni kuziandika katika maelekezo ambayo fundi wa Kasongo ataweza kuyasoma akiwa amesimama chini ya bawa, kabla injini haijawashwa.