Usizibe dirisha: Jiko la vifaranga nalo linahitaji hewa

KILA ifikapo Juni na Julai, baridi ya Njombe, Makete na Mufindi huwaweka wafugaji wa kuku katika mtihani. Kifaranga wa siku moja anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, wakati nje usiku ni baridi kali. Mfugaji asiye na umeme wa uhakika huingiza jiko la mkaa bandani, kisha huziba madirisha kwa magunia na nailoni ili joto lisitoke.

Asubuhi hukuta vifaranga wamelala chali. Wengi husema ni baridi, wengine husema ni kideri. Ni wachache wanaolishuku jiko lenyewe.

Jiko nalo hula hewa. Kila kilo moja ya kaboni inayoungua vizuri hutumia kilo 2.67 za oksijeni. Kwa kuwa oksijeni ni takribani asilimia 23 tu ya uzito wa hewa, zinahitajika kilo 11.6 za hewa. Pwani, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Katika maeneo yaliyo mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kama sehemu nyingi za Njombe, hewa ni nyepesi na mita hiyohiyo haizidi kilo moja. Maana yake ni kwamba jiko la milimani linahitaji nafasi kubwa zaidi ya hewa kuliko la Dar es Salaam.

Chukua mfano wa chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 2.5. Ujazo wake ni mita 30. Mfugaji akichoma kilo nne za mkaa mzuri kwa usiku mmoja, ambao asilimia 80 yake ni kaboni, jiko litahitaji hewa isiyopungua mita za ujazo 37. Hiyo ni zaidi ya hewa yote iliyomo chumbani, na hapo vifaranga na mtunzaji wao bado hawajavuta pumzi.

Hasara ya mfukoni

Hewa ikipungua, mkaa hauzimiki mara moja. Huendelea kuungua nusunusu na kutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Kaboni inayotoka kwa njia hiyo huwa imetoa asilimia 28 tu ya joto lake. Robo ya kaboni ya jiko ikipotea hivyo, asilimia 18 ya joto lote imepotea. Ni sawa na mfugaji kununua magunia 11 ya mkaa na kuyatupa mawili.

Hofu ya wengi ni kuwa kuingiza hewa ya nje ni kupoteza joto. Hesabu inaonyesha vingine. Kupasha mita za ujazo 100 za hewa ya milimani kutoka nyuzi 10 hadi 30 kunahitaji joto la gramu 70 hivi za mkaa ulioungua vizuri. Hata nusu ya joto ikipotea njiani, hazizidi gramu 150. Mfugaji anayeziba dirisha ili kuokoa mkaa huo mdogo hupoteza mwingi zaidi ndani ya jiko.

Gesi isiyo na harufu

Hasara kubwa zaidi ni ya uhai. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea na kulala asiamke. Mkaa uliokolea na usiotoa moshi nao huitoa, kwa hiyo kusubiri moshi uishe nje kabla ya kuingiza jiko si kinga.

Je, dirisha wazi linatosha? Kwa binadamu anayelala humo, hapana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 uliweka kikomo cha miligramu 35 za gesi hii katika kila mita ya ujazo kwa muda wa saa moja. Jiko likitoa gramu 100 tu, zitahitajika mita za ujazo karibu 2,860 za hewa safi ili kufikia kikomo hicho, yaani vyumba 95 kama kile cha mfano. Dirisha hupunguza hatari lakini haliiondoi.

Somo kutoka bani la tumbaku

Dawa ya kudumu wakulima wa Urambo na Tabora wanaijua siku nyingi. Katika bani la tumbaku ya mvuke, kuni huwashwa kwenye tanuri lenye mdomo nje. Bomba la bati hupita ndani likitoa joto, kisha hutoka nje na moshi wake. Moto hupata hewa ya nje na kurudisha moshi nje.

Banda la vifaranga linaweza kufuata mtindo huohuo kwa tanuri dogo la matofali au pipa, na fundi bati wa mjini akatengeneza bomba. Viungo vyote visivuje, na bomba likae mbali na maranda, nailoni na mbao ili lisilete moto.

Mfugaji ambaye bado anatumia jiko la wazi aache tundu chini karibu na sakafu na jingine juu karibu na paa, pande zinazotazamana. Tundu la chini likingwe ili upepo usiwapige vifaranga. Badala ya kupasha banda zima, awazungushie duara la kadibodi au hadibodi na kuweka maranda makavu. Mlango wa hewa chini ya jiko usizibwe kwa majivu. Vifaranga wakikusanyika karibu na jiko wanasikia baridi. Wakilikimbia, joto limezidi. Wakilegea na kuhema midomo wazi, wapelekewe hewa safi haraka.

Mtunzaji asilale ndani ya banda hilo, na jiko lisihamishiwe chumba cha kulala cha watoto baada ya vifaranga kukua. Vifaranga waliokufa mfugaji anaweza kununua wengine msimu ujao. Mtu akifa, hakuna wa kununua.